Kulia Juu ya Kushoto

Stesheni ya Takasaki ilifurika watu wa tamasha. Shigeki alikuwa akipenya na yukata yake mpya ya buluu, lile joho jepesi la kiangazi, akijiona kapendeza kweli, binti mmoja alipomdaka kolani.

"Kaka, unakwenda tamashani au unakwenda kuzikwa?"

"Nimekukosea nini, dada?"

"Umekunja kulia juu ya kushoto. Hivyo huvikwa maiti! Simama nikurudishe duniani."

Akamfunga upya palepale, mbele za watu, huku anacheka. Aliitwa Fumie. Kwao walikuwa na nyumba ya wageni Yunosawa, mji wa chemchemi za maji moto uliomezwa nusu na bwawa, nusu ukahamwa. Mama yake peke yake alibaki kilimani, akianika magodoro ya wageni wasiokuja.

Mapenzi yakakolea. Kila jioni, simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula hamu yako."

"Basi utakonda!"

Kisha Shigeki akapata kazi Osaka, akataka amwoe waende wote. Fumie akasema mama hang'oki, naye hamwachi. Hasira hasara. Shigeki akabwata simuni, "Mji wenu ulishakufa, Fumie! Unalinda maiti!"

Simu ikakatwa. Tangu siku hiyo Fumie hakupokea simu zake tena.

Kiangazi maji yakapungua. Shigeki akaenda Yunosawa na pete, amevaa yukata ileile, kaikunja sawasawa. Mapaa yalikuwa yamechomoza bwawani yakinuka tope. Fumie alikuwa akisugua ngazi za bafu lao la zamani.

"Nisamehe, mpenzi wangu. Ulimi hauna mfupa. Tumchukue na mama, twende."

"Mama tumeshamzika."

"Pole sana, jamani." Shigeki akaongeza, "Basi... sasa hakuna wa kukuzuia."

Maskini, alidhani anafariji. Fumie akapanda ngazi hadi aliposimama Shigeki. Moyo wa Shigeki ukaruka kwa furaha alipohisi mikono ile kolani mwake. Ikafungua mkanda taratibu, ikakunja kulia juu ya kushoto, ikafunga tena, imara.

"Fumie..."

"Asante kwa kututembelea, mgeni wetu."

Akainama, kama wafanyavyo wenye nyumba za wageni mpaka mgeni apotee machoni. Kila Shigeki alipogeuka, bado ameinama.

Ndani ya basi abiria waliitazama yukata yake, wakanong'onezana. Hakuirekebisha. Alilia mpaka Takasaki.