Nilimharibia Furaha kwa Simu Moja

Nina umri wa miaka arobaini na mmoja, Mkenya, na naishi Mount Druitt, magharibi mwa Sydney. Haya ninayoandika sijamsimulia hata mchungaji wangu. Mkinilaani nitaelewa...

Nilikuja Australia na ndoto moja tu: kazi ya kuwasaidia wagonjwa wanaoshindwa kupumua. Kaka yangu alifariki kwa pumu nikiwa nimemshika mkono. Lakini kazi niliyopata ilikuwa ya kutunza wazee. Nikapanda hadi kiongozi wa zamu. Kila mwaka nilisema mwaka ujao narudi chuo. Kila mwaka niliogopa kemia.

Halafu akaja Furaha.

Alikuwa mkimbizi kutoka Bukavu, mdogo kwangu kwa miaka tisa, analea binti yake peke yake. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Aliniita Yaya Rispa. Kwetu yaya ni mlezi wa watoto, lakini kwao ni dada mkubwa. Nilimpenda, Mungu ni shahidi! Siku moja nikamsimulia ndoto yangu, naye akaniuliza mtu anaanzia wapi. Nikamweleza kwamba hapa hakuna njia moja. Wengine husomea uuguzi kisha huenda kwenye wodi ya wagonjwa mahututi. Wengine husomea sayansi, kisha hospitali inawachukua na kuwafundisha kupima mapafu. Yote niliyajua... kwa mdomo.

Furaha akaenda kujiandikisha! Alianza na kozi ya matayarisho, kisha shahada ya sayansi, huku akifanya zamu za wikendi na kusoma kwenye treni. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alifaulu.

Alipokuwa anamaliza, Covid ikaingia. Ghafla kila mtu akawa anazungumzia mapafu, oksijeni na mashine za kupumulia. Kwenye ibada ya video mchungaji alimwombea Furaha kwa jina, na watu wakaitikia amina kwa nguvu. Mimi nilizima kamera yangu. Kila aliyemsifu nilimwona kama amenitukana. Kwani ile ndoto ilikuwa ya nani?

Hospitali moja ikatangaza nafasi ya mafunzo. Furaha akaomba, na alitakiwa kutaja mtu wa kuulizwa habari zake.

"Yaya, nimekuandika weye kama mudhamini," aliniambia akicheka. "Weye njo unajua kazi yangu kuliko bote."

Ni kweli nilijua. Wiki chache kabla, mzee mmoja tuliyemtunza alibanwa na pumzi. Mimi, kiongozi wa zamu, niliganda mlangoni! Nilikuwa namwona kaka yangu. Furaha ndiye aliyemketisha wima, akamwekea oksijeni, akapumua naye polepole mpaka ambulensi ikafika. Wala hakumwambia mtu yeyote kwamba mimi niliganda.

Simu ya hospitali ilinikuta ndani ya gari, wakati wa chakula cha mchana. Mama mmoja mwenye sauti ya upole akaniuliza: je, Furaha hutulia mambo yakiwa ya dharura?

Sentensi moja ya ukweli ingetosha. Badala yake nilimsimulia habari ya yule mzee... nikaigeuza. Nilisema aliyeganda ni Furaha. Nilisema aliyemwokoa mzee ni mimi. Nikaongeza kwa huruma ya uongo kwamba ni binti mzuri, ila bado hajakomaa.

Kisha nikamalizia chakula changu. Nilikula, wasomaji!

Walipomnyima nafasi alikuja kunililia mimi.

"Ni Kiingereza yangu njo ilifanya banikatale?"

"Labda, mdogo wangu," nikamjibu.

Alivunjika moyo. Akaacha kazi yetu, akaenda kufunga maboksi kwenye ghala karibu na bandari ya Port Botany, mbali mno na nyumbani. Je, nilifurahi? Siku mbili tu. Nafasi yenyewe sikuwa hata nimeiomba!

Kisha Covid ikanikamata mimi. Nilikuwa peke yangu nyumbani. Furaha alinipigia video kila asubuhi kabla ya zamu. Siku ya sita aliona midomo yangu imegeuka bluu. Aliniamuru nilale kifudifudi, akanihesabia pumzi, na kwa simu ya mwenzake akaita ambulensi. Nililazwa siku tano na mrija wa oksijeni puani. Kila walipokuja kunipima niligeukia ukutani kwa aibu.

Nilipopona nilikwenda kwake. Alikuwa anakunja nguo. Nilimwambia yote, bila kukwepa.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga!

"Yule muzee..." alisema akiweka nguo chini. "Ulisema aliyeganda ni miye?"

"Ndiyo."

"Andika. Andika yote, na utie jina yako."

Niliwaandikia hospitali na meneja wangu. Nilivuliwa uongozi wa zamu, na nilistahili. Nafasi ile ilikuwa imeshachukuliwa. Furaha alisubiri zaidi ya mwaka mpaka nyingine ilipotangazwa. Wakamwita, wakamchukua. Leo anapima mapafu ya watu, na nasikia wagonjwa wanamwomba kwa jina. Tukikutana kanisani ananisalimu kwa heshima. Anasema amenisamehe. Lakini nyumbani kwangu hajakanyaga tena, na bintiye hunipita kama mgeni.

Mwaka huu nimejiandikisha kemia ya wanaoanza. Mtihani wa kwanza nimeanguka, na hakuna rafiki wa kunielekeza.

Wenzangu, nawasihi! Mdogo wako akikutangulia, mwombe madaftari yake. Mwambie wazi kwamba unaumia, hata kama utalia mbele yake. Na siku ukipigiwa simu kuulizwa habari zake, sema ulichokiona kwa macho yako. Ukihisi huwezi, basi iache ilie mpaka ikatike.