Beringi Ndani ya Robota

Jumamosi, saa kumi jioni. Igogo, chumba cha nyuma cha duka lisilo na sukari wala sabuni.

Ndalahwa alichora kiwanda cha pamba sakafuni kwa chaki. "Geti. Stoo. Mashine ya marobota. Kesho watu wako kanisani. Beringi za stoo tunazifunga katikati ya pamba. Nani atapasua robota la serikali njiani?"

"Askari wa geti je?" aliuliza Chenge, dereva.

"Kishakula."

"Na kivuko cha Kamanga?"

"Wewe endesha. Mengine niachie." Akamgeukia Teodora. "Dada, kiwanda kilimla mumeo. Kesho na sisi tunakila."

Teodora aliitikia kwa kichwa. Mumewe, Shimba, aliuawa mwaka juzi mashine hiyo ilipopasuka. Wakubwa wakampa mjane kazi palepale, kushika wenzo. Ajali, walisema wote. Naye aliamini, hadi Chenge alipolewa gongo akaropoka: valvu ya usalama, ile inayofunguka mafuta yakizidi nguvu, ilikuwa imeibwa. Mwizi aliziba tundu kwa kipande cha chuma. Mwizi huyo alikuwa Ndalahwa.

Kulipokucha Chenge hakukumbuka alichosema. Teodora hakusahau hata neno.

Jumapili, saa tatu asubuhi.

Lori liliingia kiwandani bila kuulizwa. Chenge alibaki kwenye usukani. Ndalahwa alivunja kufuli la stoo, akabeba maboksi ya beringi, akaingia ndani ya sanduku la mashine, refu kama kisima. Teodora alimmwagia pamba. Ndalahwa akaikanyaga, akapanga beringi, akakanyaga tena.

"Ongeza!"

Teodora alifunga mlango wa chuma wa sanduku. Akasukuma komeo. Akawasha pampu, akavuta wenzo.

"We! Bado nimo!"

"Najua."

Pampu ilisukuma mafuta, mafuta yakasukuma pistoni. Pistoni ikapanda kutoka chini na pamba yake, na pamba ikambeba Ndalahwa taratibu hadi kwenye dari la chuma. Akapiga magoti. Akalala. Hakukuwa na pa kwenda. Teodora akaurudisha wenzo, pistoni ikasimama.

"Valvu uliipeleka wapi?"

"Valvu gani? Zima!"

Teodora akavuta wenzo kidogo. Mwanamume akalia kama ndama.

"Niliivusha ziwa! Sikujua itaua mtu!"

"Ulibeba jeneza lake. Ukanishika mkono kaburini."

Chenge alikuwa ameshuka, amesimama mlangoni pa jengo, jasho likimtoka. "Dada, tutafungwa sote."

"Ulijua ukanyamaza. Kimbia, kama miguu unayo."

Lori liliondoka kwa kishindo.

Mkono wa Teodora ulibaki kwenye wenzo. Kuvuta kidogo tu, basi. Akilini alimwona Shimba chini ya turubai, viatu vikiwa nje. Kisha akafunga koki ya mafuta, akazima pampu. Mafuta yaliyofungiwa hayakurudi. Pistoni ilikaa palepale kama mwamba. Akabonyeza king'ora.

Wafanyakazi walikuja mbio na nguo zao za misa. Walikuwemo waliomtoa Shimba kwa mikono yao.

"Sema tena," Teodora alimwambia aliye ndani. "Kwa sauti."

Ndalahwa alisema: valvu aliiba yeye. Kisha mtu mmoja akapaza sauti: "Mhujumu! Muuaji!"

Polisi walipofika, Teodora alifungua koki mwenyewe. Mafuta yakarudi, pistoni ikashuka. Ndalahwa alivutwa nje, miguu haimtii.

Sajini alitazama kufuli lililovunjwa, kisha mjane. "Na wewe mama, Jumapili hii humu ulifuata nini?"

Teodora alifuta mafuta kwenye kanga, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nilikuja kuiba naye, afande. Nifunge. Lakini gari moja sipandi na huyu."