Diski ya Marehemu Niliyosema Ni Tupu

Nyundo ilishuka mara tatu juu ya meza yangu ya kazi.

Kwa!

Kwa!

Kwa!

Vipande vya diski viliruka mpaka mlangoni. Jaffar akaviokota kimoja kimoja, akavitia mfukoni, akanitazama huku anatabasamu.

"Asante, mzee wangu. Sasa shemeji hatasumbuliwa tena na vitu vya marehemu."

Na ile nyundo, ndugu wasomaji... mimi ndiye niliyempa!

Naitwa Mashaka, nina miaka sabini na miwili, ni fundi hapa Chamazi. Nilianza maisha kama tarishi wa ofisi. Shule nilisoma jioni baada ya kazi, nikapata cheti cha kidato cha nne nikiwa na watoto watatu. Kompyuta nilijifunza vitabuni, nikiwa nimeshavuka hamsini. Nawaambia haya mjue kiburi changu kilitoka wapi.

Kazi yangu ni hii. Unaniletea kompyuta ya zamani, zile za kasha zito na skrini ya chogo, iliyotokeza nyuma. Natoa vya ndani vyote, naweka vya kisasa. Kwa nje inabaki ile ile uliyoizoea, na kitufe chake kile kile. Ndani inakimbia kama imenunuliwa jana.

Jaffar aliniletea mashine ya marehemu kaka yake, Talha. Mjane, Farida, alikuwa amekaa eda. Mnajua mwanamke wa eda hatoki nyumbani, miezi minne na siku kumi. Kwa hiyo shemeji yake ndiye alikuwa miguu yake.

Akawa mdomo wake pia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Hii haiwaki. Shemeji anataka kasha libaki, iwe kumbukumbu. Ndani weka vipya. Ila diski ya zamani naitaka mie mwenyewe, mkononi."

"Yaliyomo nisiyahamishe?"

"Usihamishe kitu. Angalia tu kuna nini, uniambie. Mie peke yangu, mzee. Sitaki ishu na mtu."

Hapo nilipaswa kushtuka.

Sikushtuka...

Siku ya tatu alirudi.

"Vipi, umeisoma?"

"Nimeisoma yote," nikasema. "Tupu."

"Tupu kabisa?"

"Kijana, hakuna diski inayonishinda mimi."

Uso wake ulikunjuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikampa diski. Akaomba nyundo. Mengine mnayajua.

Siku mbili baadaye simu ikaita.

"Shikamoo, baba. Mimi Farida, mke wa marehemu Talha."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana na msiba."

"Nimeshapoa, baba. Mashine imerudi nzuri. Lakini mafaili ya mume wangu siyaoni."

Nikaweka bisibisi chini.

"Baba? Nilimwambia Jaffar uyahamishe yote. Hakukwambia?"

"Kulikuwa na nini humo, mwanangu?"

"Nyumba hii ninayokaa. Talha aliinunua akiwa kazini Muscat, Uarabuni. Hati iliandikwa jina la Jaffar kwa sababu yeye ndiye alikuwepo hapa. Aliporudi wakajirekodi video, Jaffar akakiri kwa mdomo wake. Mume wangu aliniambia, 'Nikitangulia, kila kitu kimo kwenye kompyuta.'"

Akavuta pumzi.

"Eda yangu inaisha Alhamisi. Ijumaa Jaffar ameita kikao cha ukoo, nihame. Anasema fundi ameisoma diski, haina kitu. Ni kweli, baba?"

Ndiyo au siyo. Jibu lilikuwa rahisi hivyo!

"Nitakuja kikaoni," nikasema, nikakata simu.

Sasa tulieni. Kuna jambo nimewaficha.

Mimi ile diski sikuisoma.

Niliiunganisha, kompyuta haikuiona. Nikajaribu tena. Na tena. Siku tatu nzima! Mzee Mashaka, ambaye mtaa mzima humwita mwalimu, ameshindwa. Ningemwambiaje mteja? Nikasema tupu.

Na kwa kuwa nilitaka kuendelea kupambana nayo kwa siri, nikachukua diski nyingine mbovu ya kampuni ile ile kutoka kwenye boksi langu la vyuma chakavu. Nikampa hiyo.

Jaffar alivunja chuma chakavu changu.

Ya Talha ilikuwa kwenye droo yangu. Msinipigie makofi. Nilidanganya, na nikabaki na mali ya mtu bila idhini yake. Na bado diski ilikuwa imenishinda, huku Ijumaa inakuja.

Jumatano nikaenda Mbagala kwa Auleria. Huyu alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimfukuza baada ya kunisahihisha mbele ya mteja. Sasa ana duka lake la ufundi.

"Mwalimu! Umepotea njia?"

"Kuna diski..." Nikaiweka mezani. "Imenishinda."

Hakucheka. Bora angecheka. Aliigeuza kwenye mwanga, sekunde kumi tu.

"Mwalimu, hiki kidude kimekaa siko."

"Kidude gani?"

Akanitazama kwa huruma.

"Hukioni?"

Diski za zamani zina kidude cha plastiki, kidogo kama punje ya mchele. Kikikaa vibaya, kompyuta haioni diski. Nilikuwa nakijua kabla Auleria hajagusa kompyuta. Nilikuwa sikioni tu.

"Miwani yako iko wapi?"

"Kabatini."

"Tangu lini?"

"Miaka sita."

Auleria akakihamisha kidude, akaunganisha waya. Mafaili ya Talha yakajipanga kwenye skrini, moja baada ya jingine.

Ijumaa, baada ya swala, sebule ya Farida ilijaa. Farida alikaa pembeni, nguo za eda ameshazivua. Baba mdogo wa Jaffar na Talha, Mzee Nurdin, ndiye aliyeongoza kikao. Jaffar alikuwa mchangamfu kama bwana harusi.

"Fundi huyu hapa, ba'mdogo. Muulizeni wenyewe!"

"Mzee Mashaka," Nurdin akasema, "uliisoma diski ya marehemu?"

Wote wakanigeukia.

"Sikuisoma. Nilidanganya."

Minong'ono ikazuka. Jaffar akasimama.

"Mnaona? Kizee kiongo! Sasa lolote atakalosema leo mtaliamini vipi?"

"Usiniamini," nikasema. "Ila ile uliyoivunja kwa nyundo haikuwa ya kaka yako."

Mzee Nurdin akageuza shingo taratibu.

"Kuivunja? Jaffar, si ulituambia umeihifadhi?"

Jaffar akatazama mlango. Nikaunganisha diski kwenye mashine ya Talha, nikabonyeza.

Wakatokea kwenye skrini ndugu wawili, vijana, kwenye kibaraza cha nyumba ile ile. Jaffar mdomo umejaa halua.

"Kaka, nyumba yako hii! Mie nimeshika jina tu."

Sauti ya Talha ikauliza, kwa utani, "Na nikifa?"

"Ukifa ya mkeo, wallahi!"

Wakacheka wote wawili. Sebuleni hakucheka mtu.

Jaffar alitoka bila kuaga. Alivaa kandambili za mtu mwingine.

"Jumatatu ataandikisha hati kwa jina la Farida," Mzee Nurdin akasema, "nami nitakuwa pembeni yake."

Farida hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameweka kiganja juu ya skrini ya chogo.

"Rudisha nyuma, baba. Nimsikie tena."

Nikarudisha. Mara nne.

Mngetaka niishie hapa. Hata mimi ningetaka.

Nilirudi karakana, nikavaa miwani, nikafungua daftari langu la kazi. Miaka sita. Nikatafuta kila mahali nilipoandika neno "tupu".

Arobaini na moja, mbali na ya Talha!

Diski hizo sikuzibadilisha na chuma chakavu. Niliwarudishia wenyewe, wakazitupa, kwa sababu fundi alikuwa amesema. Ni nyumba ngapi zimo humo? Ni sauti za kina nani? Sitajua mpaka nakufa.

Basi kama uliwahi kuniletea mashine Chamazi nikakwambia tupu, na diski bado unayo, nakuomba uilete. Nitaisoma bure, miwani usoni, Auleria pembeni.

Na wewe uliye mbali, siku fundi akikwambia ndani hakuna kitu, mtazame machoni umuulize:

"Ni tupu... au imekushinda?"

Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza.