Gari la Japheth na Waranti ya Dereva Mmoja

Mama Dorka huenda hospitali kila Jumanne na kila Ijumaa. Figo zake hazifanyi kazi. Mashine ya hospitali mjini Homa Bay humsafisha damu, kisha anarudi nyumbani Lambwe akiwa amechoka. Siku hizo haziahirishwi. Mgonjwa wa figo hawezi kusema atakwenda kesho.

Mwanawe Japheth na mkewe Bhoke walikuwa wakikodi teksi ya jirani yao, Bichage. Bichage ni mtu mzuri, lakini ana wateja wengi. Ijumaa moja alikuwa amepeleka watu wa harusi mpaka mji wa Sori. Mama Dorka hakufika kwenye mashine. Kufikia Jumapili miguu yake ilikuwa imevimba na alikuwa akihema kwa shida. Japheth alikaa kando ya kitanda akalia, mwanaume mzima.

Ndiyo maana waliuza ng'ombe, na Bhoke akatoa akiba yake kwenye chama cha akina mama. Walikwenda yadi moja ya kuuzia magari mjini Kisumu, wakachagua gari lililotumika, kutoka Japani. Hapo ndipo waranti ilipoingia.

Muuzaji aliitwa Orina. Alikuwa na maneno matamu sana.

"Mzee, gari nimekupa. Sasa nikupe usingizi. Ongeza kidogo tu, upate waranti ya miaka miwili. Likiharibika, si shida yako tena. Lakini ofa inaisha Jumamosi."

Kidogo hicho kilikuwa bei ya ng'ombe mzima. Hata hivyo Japheth alishika kalamu papo hapo. Bhoke akamshika mkono.

"Ngoja kwanza. Tupewe karatasi tukasome nyumbani."

"Tunasoma nini? Si amesema likiharibika wanatengeneza?"

"Amesema. Mimi nataka kuona kama imeandikwa."

Orina hakufurahi, lakini alizitoa karatasi. Kusoma kabla ya kutia sahihi ni haki ya mnunuzi. Haiombwi kwa kupiga magoti.

Jumanne, mama akiwa kwenye mashine, Japheth na Bhoke walikwenda kwa Sainab. Sainab, au Mama Mubarak, ana duka la spea za magari karibu na soko la Homa Bay. Alitoka Garissa miaka mingi iliyopita, na mdomo wake hauna breki.

"Mimi nauza spea," alisema mara moja. "Gari lenu likiharibika, mimi nakula. Kwa hivyo msichukue neno langu hivi hivi. Tusome pamoja, kidole juu ya karatasi."

Wakasoma.

"Kwanza, hii si bima," Sainab alisema. "Bima ya gari ni ya ajali, na sheria inakulazimisha kuwa nayo. Waranti ni hiari yako. Asikutishe mtu."

"Inalipia nini, Mama Mubarak?" Bhoke aliuliza.

"Imeandikwa hapa. Injini, giaboksi, pampu ya maji. Vitu vya kuchakaa havimo. Breki, tairi, betri, mikanda, hivyo ni vyako. Na hapa wanasema sevisi zote zifanywe kwenye gereji yao Kisumu. Ukienda kwa fundi mwingine hata mara moja, waranti imekufa."

Japheth alijikuna kichwa. "Kisumu tutaenda. Mama ni mama."

"Haya, soma na hapa chini."

Bhoke alisoma kwa sauti: "Gari liendeshwe na mwenyewe pekee. Lisibebe abiria kwa malipo ya aina yoyote."

"Hiyo ni rahisi," Japheth alisema.

Sainab alimtazama. "Rahisi? Baba, wewe una ndugu wangapi?"

Kabla hajajibiwa, simu ya Japheth ililia. Alikuwa ni mdogo wake, Joash. Joash huongea kwa sauti kubwa, kwa hivyo duka zima lilisikia.

"Kaka! Hongera kwa gari!"

"Bado liko yadi, Joash."

"Haidhuru, litakuja. Shangazi wa Migori anazikwa wiki ijayo. Kamati ya mazishi imeshapanga. Mimi naendesha, wewe unakaa na wazee. Watu watachanga pesa ya mafuta."

Japheth alikohoa. "Unajua, hilo gari lina waranti. Haitaki mtu mwingine aendeshe."

"Waranti ndiye nani? Ni mkwe wetu?"

"Si mtu, Joash. Ni karatasi."

"Karatasi inakataza shangazi azikwe?"

"Sijasema hivyo!"

"Sasa unasema nini?"

"Basi chukua. Lakini endesha polepole."

Simu ilipokatika, Sainab alicheka mpaka akashika kaunta. "Ala! Gari halijatoka yadi, na waranti umeshaivunja!"

Bhoke hakucheka. "Hata kwetu Ukuriani ni vivyo hivyo. Gari la nyumbani ni la matanga. Tukiwanyima watu leo, sisi tutazikwa na nani?"

Japheth aliweka karatasi chini.

"Mimi naogopa," alisema. "Nisiponunua, halafu gari likwame na mama ndani, nitajisamehe vipi?"

Sainab aliacha kucheka. "Sikiliza, baba. Hata ukinunua, gari linaweza kukwama. Waranti haiji barabarani kumbeba mama. Inamlipa fundi tu, tena wakishaamua kwamba hukuvunja masharti. Mtu anayeendesha peke yake, anayekaa karibu na gereji yao, akiijua kampuni vizuri, huyo inaweza kumfaa. Wewe unataka mama afike. Hilo ni jambo lingine."

Japheth aliirudia ile karatasi mara moja zaidi. Kisha akampigia Orina.

"Gari nachukua. Waranti sitaki."

"Mzee, utajuta!"

"Pengine. Lakini kabla sijalipa, fundi wangu atalikagua."

Fundi aliitwa Gisiri. Alilala chini ya gari, akalizungusha barabarani, akakuta rejeta ya kupoza injini inavuja. Yadi iliibadilisha kwa gharama yake, kwa sababu gari lilikuwa bado halijauzwa.

Pesa ya waranti hawakuila. Waliiweka benki, iwe ya kutengeneza gari tu. Bhoke akatangaza sheria mbele ya ukoo: anayeazima anaweka mafuta, na pia anatia kitu kwenye akiba ya gari. Jumanne na Ijumaa haliazimwi na mtu yeyote, hata kwa matanga. Joash alinung'unika, akalipa. Halafu wakakubaliana na Bichage: siku hizo mbili hatakwenda mbali, simu yake itakuwa wazi, na kila mwezi watampa pesa kidogo, gari lao likwame au lisikwame.

Gari liliwapeleka watu Migori, likarudi. Likafanya kazi miezi mingi.

Ijumaa moja asubuhi, katikati ya safari ya hospitali, moshi ulianza kutoka mbele. Pampu ya maji ilikuwa imekufa. Ndiyo, pampu ilikuwa kwenye ile waranti. Lakini kufikia siku hiyo Joash na binamu zake walikuwa wameshaliendesha gari hilo mpaka Muhuru Bay, kwa hivyo hata wangeinunua, waranti ingekuwa imeshakufa.

Japheth alimpigia Bichage. Bichage alifika, Bhoke akaingia na mama, wakaondoka. Japheth alibaki na gari barabarani. Gisiri alikuja na pampu kutoka kwa Sainab, akalipwa kutoka kwenye ile akiba.

Mchana Japheth aliingia wodini mbio, mikono imejaa grisi. Mama Dorka alikuwa amelala kwenye kitanda chake, mashine inazunguka kando yake. Alifungua jicho moja.

"Mbona umechelewa hivyo?" alimwuliza. "Mimi niko karibu kumaliza."