Hakuna Ukuta Unaojipinda

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alifagia ua, akaosha vikombe na kumwagilia mboga. Jina hilo la utani alipewa na mama yake, kwa kuwa aliongea tangu anapoamka hadi usingizi unapomfunga mdomo. Lakini tangu baba arudi kutoka gerezani, Chiriku alikuwa kimya kama aliyemeza mfupa. Hata vikombe aliviosha bila kuvigonganisha.

Alimwogopa baba. Baba alifungwa kwa kumvunja mkono jirani yao, fundi cherehani, katika ugomvi wa foleni ya maji, na Chiriku aliyaona yote kwa macho yake. Ni kweli kwamba baba wa sasa alisema kwa upole. Kila Jumamosi alikwenda kwenye kikundi cha ushauri, ambako watu waliotoka gerezani walikaa pamoja kujifunza kuzitawala hasira zao. Lakini mikono ilikuwa ile ile.

Sasa alikuwa na sababu mpya ya kuogopa. Baba alikuwa mwashi, na Jumatatu angeanza kazi yake ya kwanza tangu atoke. Siku moja baada ya shule, Chiriku alichukua pimamaji yake, kile kifaa chenye kioo kidogo ambamo kitone cha hewa huonyesha kama ukuta umenyooka. Alikuwa akijaribu kukituliza kitone katikati, kifaa kikamponyoka na kuanguka kwenye saruji. Kioo kikapasuka. Haraka haraka alikirudisha kifaa kwenye mfuko wa zana wa baba, chini kabisa ya nyundo na mwiko.

Jumamosi hiyo familia nazo zilialikwa kwenye kikundi. Viti vilipangwa duara katika ukumbi nyuma ya zahanati, na Chiriku akakaa kati ya mama na baba. Mshauri, mwanamke mfupi mwenye miwani, alimpa baba nafasi ya kwanza.

"Mkono wa jirani yangu ulivunjika," baba alianza.

"Ulivunjika wenyewe?" mshauri aliuliza.

Mtu mmoja alicheka kidogo.

"Niliuvunja mimi. Kwa hasira."

"Asante," mshauri alisema, kisha akawageukia wageni. "Hapa kwetu hatusemi kitu kimevunjika. Tunasema nani amekivunja. Kuna yeyote wa familia anayetaka kusema neno?"

Chiriku alitazama mikono ya baba. Akinyamaza, baba angegundua wakiwa nyumbani, hakuna wa kumzuia. Akisema sasa, watu walikuwepo. Lakini je, kama angempiga mbele yao, wakamrudisha gerezani?

"Kioo cha pimamaji kimevunjika," alisema.

Hakuna aliyemsahihisha. Alijisahihisha mwenyewe.

"Nimekivunja mimi."

Baba aliinuka ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. Chiriku akajikinga uso kwa mikono yote miwili, akasubiri kofi. Halikuja. Alisikia hatua za baba zikienda mlangoni, kisha bomba la nje likimwaga maji. Mama alimshika bega.

Baba alirudi uso ukimchuruzika maji. Akachuchumaa mbele ya Chiriku.

"Nimekasirika, sikufichi," alisema. "Ndiyo maana nimetoka. Hapa wametufundisha kwamba hasira ikipanda, uondoke kwanza, uzungumze baadaye. Lakini nimeona ulivyojikinga uso, mwanangu. Hofu hiyo haikuingia yenyewe. Nimekutia mimi. Nisamehe."

Chiriku akalia. "Nisamehe na wewe, baba. Na kazi ya Jumatatu je?"

"Mwashi mwenzangu ataniazima pimamaji yake."

Wakiwa njiani kurudi nyumbani, baba alipunguza mwendo.

"Nikijenga ukuta ukapinda, siwezi kumwambia mwenye nyumba kwamba umejipinda," alisema. "Hakuna ukuta unaojipinda. Nakiri, nabomoa palipopinda, najenga upya. Ndiyo kazi ninayoifanya kila Jumamosi, na leo umeifanya na wewe. Kusema ukweli kunatisha, lakini kosa usilolikiri huwezi kulitengeneza. Na zana zangu usiziguse tena bila kuniomba."

"Sawa, baba."

Hofu ilikuwa haijamwisha yote. Hata hivyo alinyoosha mkono, akaushika ule mkono wa baba aliokuwa akiuogopa. Kisha akauliza kwa nini kitone cha hewa hukimbilia juu, na kama saruji hulala usiku, na kama mwashi anaweza kujenga nyumba ya duara.

"Haya," mama alisema, "Chiriku wangu amerudi."