Anayejibu Mlangoni

Aliyekosea kwanza ni Tetsuro, tena kwa mzaha. Nyumba mbili walizotembezwa asubuhi zilikuwa zimemchosha, moja dirisha lake likitazama ukuta, nyingine ikitetemeka kila treni ikipita. Alipovua viatu mlangoni mwa ile ya tatu akapaza sauti, "Nimerudi," kama mtu anayeingia kwake. Neno hilo mtu halisemi kwenye nyumba isiyo yake.

"Karibu nyumbani," ikajibu sauti ya kike kutoka ndani.

Tetsuro alicheka, akidhani ni mkewe. Kumbe Misuzu alikuwa nyuma yake, viatu bado miguuni, na dalali Mizoguchi yuko kwenye ngazi anahangaika na funguo. Misuzu akajiambia ni redio ya jirani.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri mpaka ikatia shaka: vyumba viwili vya mikeka mipya, jua la kusini, kodi ya chini kuliko zote. Misuzu akauliza swali ambalo kila mpangaji mwenye akili Tokyo huuliza.

"Bwana Mizoguchi, kuna mtu aliyefia humu?"

"Humu ndani? Hakuna, mama. Sheria ingenilazimisha kukuambia."

Wala hakudanganya. Wakasaini, wakahamia.

Sasa, Misuzu alikuwa na wivu, tusifichane. Wivu wa kupekua mifuko na kunusa mashati. Haikupita wiki akanusa kwenye kola ya mumewe mafuta ya kamelia, yale ya nywele waliyopaka bibi zetu. Yeye hakuwahi kuyapaka.

"Nani huyu, Tetsu?"

"Nani yupi?"

"Huyo anayenukia shingoni mwako."

"Nimetoka kwenye treni, mke wangu, nimebanwa na watu mia. Umeanza tena?"

Kazini kwake, duka la dawa, Misuzu alikuwa akitoka saa moja jioni, na Tetsuro alifika nyumbani mapema zaidi. Siku moja alimkuta amenyoosha miguu, anatabasamu peke yake.

"Ahsante kwa chai," Tetsuro akamwambia. "Siku hizi umekuwa mpole. Unanipokea vizuri."

Misuzu alikuwa ndiyo kwanza anaingia, mkoba bado begani. Mezani kilikuwepo kikombe kinachotoa mvuke, na pale mlangoni ndala za mumewe zilikuwa zimepangwa sambamba, na alipozigusa zilikuwa na joto, joto la kitu kilichokumbatiwa kifuani mchana kutwa.

Kesho yake alichukua taulo la zawadi, lile la kujitambulisha kwa jirani ambalo alilichelewesha, akagonga kwa bibi Iwabuchi. Bibi hakulipokea kwanza. Alichungulia kushoto na kulia, kisha akamvuta ndani.

"Mwanamke aliyekaa humo kabla yenu alikufa kwenye gari la wagonjwa, mwanangu," alinong'ona. "Hakufika hata hospitali. Kwa hiyo humo ndani hakufia mtu, dalali yuko sawa. Miaka tisa alikaa pale mlangoni anamngoja mume aliyekwenda kwa mwanamke mwingine. Hakusikia 'nimerudi' hata siku moja."

"Mume wangu alilisema neno hilo," Misuzu akasema. "Siku ya kuangalia nyumba."

"Basi keshapata mume."

Bibi ndiye aliyemwita kuhani wa hekalu la mtaa. Kuhani alipunga fimbo yake ya kutakasia, yenye vipande vya karatasi nyeupe, akanyunyiza chumvi pembe zote. Chumvi ya mlangoni ikageuka maji mbele ya macho yao. Akafunga mkoba wake.

"Hatoki huyu. Tokeni nyinyi, leo hii. Yeye hawezi kuvuka mlango, atawaacha. Mumeo akikataa, toka wewe. Mumeo akishiba kupendwa na huyu, hatarudi kukupenda wewe."

Tetsuro alipopigiwa simu alikataa katakata. Nyumba yote ile, jua lote lile, wahame kwa ajili ya maneno ya kizee? Misuzu akalia, akafunga sanduku lake, akashuka ngazi. Alifika chini kabisa wakati mumewe anapanda ngazi za upande wa pili bila kumwona, akasikia mlango ukifunguliwa, akasikia "Nimerudi," halafu ile sauti, laini, bila haraka, "Karibu nyumbani, umechoka?" na Tetsuro akacheka, kicheko cha kutoka tumboni ambacho yeye Misuzu hakukisikia tangu wachumbiane, na kikampanda moyoni kitu kikubwa kuliko woga wote aliokuwa nao.

"Simwachii," akasema.

Akapanda tena na sanduku lake.

Aliacha kazi wiki hiyohiyo. Bibi Iwabuchi humwona kila alasiri mlango ukiwa wazi, amepiga magoti kwenye ubao wa pale mlangoni, nywele zimechanwa, anangoja, ili neno likisemwa alijibu yeye kwanza. Kubembelezwa atoke hataki. Bega lake la kushoto limekufa ganzi kwa baridi, kwa maana pembeni yake kuna mwenzake aliyepiga magoti vilevile, anayemsukuma kidogokidogo kila siku kuelekea nje.

Misuzu hasogei.