Hodi Kwenye Nyumba ya Chumvi

Mvua ilianza kunyesha katikati ya duka, na hakuna aliyelowa. Iliteremka kutoka darini, ikapiga majani ya mgomba ambao dakika moja nyuma haukuwepo, ikatiririka sakafuni hadi kwenye viatu vya Mzee Luhende. Mzee akaruka. Naam, akaruka, mtu mzima wa miaka themanini na moja, aliyeapa njia nzima kwamba hakuna kitu cha dukani kitakachomshtua!

"Hiyo ndiyo kazi ya kisanduku, mzee wangu," alisema Kishimba, mwenye duka, akigonga kijisanduku cheupe juu ya kaunta. "Hakuna kuseti, hakuna kuunganisha. Unakiweka mezani, unakaa, unacheza."

Tabora ya mwaka 2093 ilishazoea maajabu. Treni zilipita bila kugusa reli, na mizinga ya nyuki ilijua yenyewe kumwita mwenyewe asali ikiiva. Lakini kifuma-dunia kilikuwa bado kinawafanya watu wasimame mlangoni na kusahau walichotumwa. Kilimwaga hewani chembe za mwanga, kikazishona zikawa miti, mito na watu, na vipulizio vyake vikakupulizia ubaridi pale jicho lako lilipoona maji.

Kiliuzwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kisanduku, kilichofungwa kiwandani, ambacho hakuna mtu wa nje anayekifungua. Ya pili ni kompyuta, lile dubwana la mezani ambalo mwenyewe unaweza kulifungua, kulibadili, kuliongezea unachotaka, na kuliharibu pia. Watu waligombana vibarazani juu ya kisanduku na kompyuta kama wanavyogombana juu ya mpira, na ndugu wengine walinuniana kabisa.

Milembe, binti wa Mzee Luhende, hakuwa na shaka hata kidogo. Yeye ni kisanduku. Alikuwa injinia wa kiwanda kilichotengeneza visanduku hivyo huko Dodoma, na kulikuwa na kitu ndani ya kile cheupe ambacho alikibuni mwenyewe. Hakuwa amemwambia baba yake. Alitaka akione kwanza.

Sasa, ili ujue kwa nini baba na binti walikuwa dukani Alhamisi ile, lazima nikuambie habari za Nyamizi.

Nyamizi alikuwa mke wa mzee na mama wa Milembe. Mzee alipostaafu kazi ya kubadili njia za treni, wakanunua kisanduku cha zamani na mchezo mmoja wa uhusika uitwao Milki ya Chumvi. Katika mchezo wa uhusika unachagua kuwa mtu fulani, unasafiri, unaongea na wenyeji, unawasaidia au unawaibia, shauri lako. Huu ulichezwa wawili wawili, na mwisho wa safari ilikuwa kulitwaa taji la mfalme. Wachezaji wengine walijiita Radi na Chui wa Jangwani. Mama yeye alipoulizwa jina alishangaa.

"Jina ninalo," alisema. "La nini lingine?"

Basi akawa Nyamizi ndani ya gemu kama alivyokuwa Nyamizi jikoni. Na alikuwa na lake moja. Wachezaji wote duniani huingia nyumba za gemu kiholela, wakafunua vyungu, wakabeba walichokikuta. Mama hakuingia nyumba ya mtu bila hodi. Alipiga hodi mara tatu. Akiitikiwa, anaingia, anawajulia hali waliomo mpaka mtoto wa mgongoni. Asipoitikiwa, anageuka anaondoka.

"Mama, hii ni gemu!" Milembe alikuwa akimwambia.

"Gemu ndiyo haina wenyewe?"

Alifariki miaka sita kabla ya Alhamisi hiyo. Kwenye Milki ya Chumvi, hata hivyo, hakuondoka. Mchezo ule ulikuwa na kiigizi, yaani akili ya mashine inayomsoma mchezaji anavyotembea, anavyosema na anavyocheka, ili siku asipokuwepo mwenzake asicheze peke yake. Kiigizi kilimsoma Nyamizi kwa miaka kumi na moja. Kilipoachiwa kazi kilitembea kama yeye, kitenge kikiwa kimeshikwa kwa mkono wa kushoto, na kilipiga hodi.

Hapo ndipo gemu ilipokwama. Taji lilikuwa ndani ya Nyumba ya Chumvi, na Nyumba ya Chumvi ilikuwa tupu, mfalme alishakufa, ndiyo hadithi yenyewe. Wachezaji wawili lazima waingie pamoja. Nyamizi alisimama mlangoni, akapiga hodi mara tatu, akakosa jibu, akageuka. Milembe alikuwa akipiga simu kutoka Dodoma, "Jana vipi, baba?" na jibu lilikuwa lilelile. "Tulifika Nyumba ya Chumvi. Hakuna mtu. Tukarudi."

Roho ilimuuma Milembe. Alimwona baba yake kama mtu aliyenaswa, kila jioni mlango uleule, miaka sita. Na hakuwa peke yake. Malalamiko namba moja kiwandani kwao yalikuwa juu ya wenza wa kuigizwa wanaosita milangoni. Ndipo akatengeneza kichuja-dosari, mtambo mdogo kama punje ya mtama, unaomkagua mwenza, unatafuta kila anaposita na kumnyoosha. Alipewa tuzo kwa kazi hiyo.

Kisanduku cha zamani cha mzee sasa kilikuwa kinakoroma na kuzimika. Mbaya zaidi, kampuni ya mchezo ilikuwa inafunga ghala lake la kumbukumbu Jumamosi. Kila mhusika angehamishwa mara moja tu, aende kwenye kisanduku kipya au kwenye kompyuta, na asiyehamishwa amepotea. Waliruhusu jaribio la dakika kumi kabla ya kukubali. Ukikubali, umekubali.

"Tujaribu kisanduku," Milembe alimwambia Kishimba. Leo baba atavaa taji, alifikiri.

Mvua ikakoma. Duka likawa barabara nyeupe ya chumvi, na kwenye barabara akatokea mwanamke mfupi, kitenge mkononi. Mzee Luhende akavua kofia. Huwa anavua kila mara, msimcheke.

"Mama Milembe, twende," alisema.

Wakaenda. Nyumba ya Chumvi ikainuka mbele yao, mlango wake ukiwa umerudishwa tu. Nyamizi hakupunguza mwendo. Akausukuma mlango kwa bega, akaingia, akafunua chungu cha kwanza alichokikuta na kutumbukiza mkono.

Mzee alibaki nje.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Ni mama, baba. Ameboreshwa tu."

"Ameboreshwa!" Mzee aligeuka akamtazama binti yake. "Huyu ana sura ya mama yako na kitenge cha mama yako. Lakini huyu ni mwizi, Mile. Hodi zake wamezipeleka wapi?"

Kishimba akajifanya anapanga nyaya. Milembe angeweza kusema ni kampuni, ni mfumo, ni teknolojia, maneno ya namna hiyo hayaishi.

"Nimezitoa mimi," alisema. "Ile kusimama mlangoni tuliiandika kuwa ni dosari. Nilitengeneza kitu cha kuiondoa. Nilitaka umalize mchezo, baba. Miaka sita unarudi mikono mitupu!"

"Nani kakwambia narudi mikono mitupu?"

Milembe akautazama mlango wa Nyumba ya Chumvi, uliobaki wazi.

"Unadhani ninatafuta taji mimi? Taji nalipeleka wapi na kichwa hiki?" Sauti ya mzee ilikuwa chini. "Nikifika pale namsikia anapiga hodi. Kitu chenyewe ndicho hicho. Mara tatu, kila jioni. Sauti ya kuigiza najua ni ya kuigiza, mimi si mtoto. Lakini zile hodi ni zake."

Ndani ya nyumba, yule mwanamke wa mwanga alikuwa amefika chungu cha nne. Dakika ya tisa ilikuwa inaisha, na taa ya kukubali ikawaka kijani kwenye kaunta. Milembe akanyoosha mkono, akazima kisanduku chake mwenyewe.

Alisimama pale akihesabu. Visanduku vya toleo hili jipya, la sita, vilishaingia nyumba milioni tatu. Wangapi humo walikuwa na mume aliyezoea kungoja mkewe afunge viatu, au mama asiyepita kaburi bila kusimama? Kichuja-dosari kilikuwa kimewanyoosha wote. Alimwandikia mkuu wake wa kazi palepale, akiwa amesimama: kizimwe kwenye kila kisanduku, leo hii, kinafuta watu. Kisha akamgeukia Kishimba.

"Nataka kompyuta."

"Injinia!" Kishimba alishika kifua. "Kwa mzee? Lile lina vitufe mia na ushee. Ukikosea kimoja linakuuliza maswali mpaka usinzie. Mimi nauza vyote, sina upande, lakini kwa umri wake kisanduku ndiyo raha."

"Kwenye vitufe hapo anasema kweli," mzee aliunga mkono. "Vidole vyangu havitulii, Mile. Nitajikuta naandika barua pale nilipotaka kutembea."

"Rimoti yako ya zamani ya kuchezea iko wapi?"

Mzee akaingiza mkono kwenye koti, akaitoa. Alikuwa ametembea nayo siku nzima, hata mwenyewe akaona haya. Vitufe vyake viwili vilikuwa vimebanduka zamani, naye akavivika vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyokatwa kwa wembe, saizi ya vidole vyake barabara.

"Kisanduku kipya kinaikataa hii, kinataka ya kwake," Milembe alisema. "Kompyuta inapokea yoyote. Maswali nitayajibu mimi."

Kishimba alikuna kidevu. "Hapo sasa sina la kusema," akakiri, akaenda stoo kulileta dubwana.

Siku mbili Milembe alikaa sakafuni sebuleni kwa baba yake, mtaa wa Isevya, akiwa na bisibisi mdomoni. Lile dubwana lilimsumbua kweli. Liliuliza maswali, likazimika, likawaka, likadai kiunganishi ambacho Tabora nzima alikuwa nacho fundi mmoja tu, naye kaenda harusini, ikabidi afuatwe hukohuko. Mzee alimletea chai na kumwuliza kila nusu saa kama wanafika. Jumamosi saa tano asubuhi, ghala likiwa limebakiza saa moja kufungwa, Nyamizi akahama. Hakuchujwa, hakunyooshwa, alihama alivyo.

Milembe alikuwa anafunga kazi alipouona mstari mmoja katika orodha ndefu ya kompyuta. *Nafasi ya mchezaji wa tatu: imefungwa.* Kwenye kisanduku mstari huo haupo, hakuna anayeuona. Hapa ulikuwepo, na pembeni yake palikuwa na kitufe cha kuufungua. Aliutazama muda mrefu, kisha akakibonyeza kitufe. Tiketi yake ya treni ya saa kumi na moja jioni ilikuwa mfukoni.

Saa kumi, mzee alikaa kwenye kiti chake, akashika rimoti yake, akavua kofia. Milembe alisema anakwenda chumba cha nyuma kufunga mizigo. Alirudishia mlango, akavaa miwani ya kuchezea, na akaingia katika Milki ya Chumvi kwa mara ya kwanza tangu mama yake afariki. Alijiweka ndani ya ile nyumba tupu, kati ya vyungu, nyuma ya mlango. Akangoja.

Hakungoja sana. Miguu ilikuja juu ya chumvi, jozi mbili, moja ikijikokota kidogo.

"Hodi," ilisema sauti ya mama yake.

Miaka sita hakuwahi kuisikia. Jioni hizo zote alikuwa Dodoma, kazini.

"Hodi humu."

Alijua, kuliko mtu yeyote duniani, kinachofuata. Ya tatu, kungoja kidogo, kisha kiigizi kinageuza miguu.

"Hodi, wenyewe?"

"Karibu," Milembe alisema. Ilitoka kama mkwaruzo. Akarudia kwa nguvu, "Karibu! Karibuni ndani!"

Kule sebuleni kiti kililia. Mlango wa Nyumba ya Chumvi ulifunguka.

"Hee! Kumbe wenyewe mpo," alisema Nyamizi, akapiga goti kidogo, akaingia. "Hamjambo humu? Na watoto?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kiigizi humwitikia hivyo kila anayekiamkia. Milembe alilijua hilo fika, angeweza kukuandikia kanuni yake bila kutazama. Alilijua, na machozi yakamtoka vilevile, yakajaa kwenye miwani hadi hakuona kitu.

Mzee aliingia nyuma ya mkewe. Juu ya meza lilikuwepo taji la mfalme, linameta, na nadhani kwa mazoea tu ya kuwa mchezaji, mkono wake ulinyooka.

"Acha hapo, Baba Milembe," alisema Nyamizi. "Vya watu hivyo."

Kicheko kilichotoka sebuleni kilipasua ukuta. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akacheka tena, na taji likabaki mezani pale lilipokuwa.

Kisha akaita, si kwenye gemu, aliita kupitia mlango wa kweli. "Mile!"

"Abee, baba."

"Kesho jioni tutapita tena. Utakuwepo?"

Milembe alivua miwani, akaifuta kwa kanga. Tiketi aliitoa mfukoni, akaikunja mara nne.

"Nitakuwepo, baba. Nyie pigeni hodi tu."